Bartók, Kodály na nyimbo za mama zetu: niliyowaambia walimu wa kwaya

Wengi mliokuwepo kwenye semina mliniomba niandike nilichosema siku ile, na wengine hamkuwepo mkasikia tu juujuu. Basi nimeiandika kama nilivyoongea, sijaipamba, pale niliporuka nimeacha nimeruka.

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Na ndugu zetu wa kaswida mliokuja kutusikiliza, asalaam aleikum, karibuni sana, leo nyinyi pia mna la kwenu humu ndani.

Walimu wenzangu, waandaaji waliniambia niongelee muziki wa klasiki wa karne ya 20. Nikawauliza, mna uhakika? Mana sisi huku tukisema klasiki tunamaanisha Handel, tunamaanisha Haleluya ile ya Pasaka na Krismasi, kidogo Mozart, kidogo Bach, basi tumefunga kitabu. Handel kafariki 1759. Yaani toka hapo mpaka leo zimepita zaidi ya miaka 260 na watu hawakuacha kutunga, ila sisi masikio yetu yamebaki kulekule. Na karne ya 20 ndiyo karne ambayo watunzi walijiuliza maswali yaleyale ambayo mimi na wewe tunajiuliza kila Jumamosi kwenye mazoezi: hivi huu muziki ni wetu au wa kuazima? Hizi nota za do re mi zinanibana au zinanisaidia? Wimbo wa bibi yangu unaruhusiwa kuingia kanisani?

Karne yenyewe ni kubwa, siwezi kuimaliza yote, nitapita haraka halafu nitakaa kwa watu wawili tu.

Kwa haraka basi. Mwanzoni mwa karne ile, pale Vienna kulikuwa na Arnold Schoenberg, huyu aliona mfumo wa meja na maina, zile ngazi mbili za sauti tulizozoea, umeshachoka, na miaka ya 1920 mwanzoni akaja na utaratibu wake wa sauti 12: unachukua zile sauti zote 12 za kinanda, nyeupe na nyeusi, unazipanga kwa mstari wako mwenyewe na hakuna sauti inayokuwa bwana wa nyingine, do hana kiti cha mbele. Ukisikia mara ya kwanza unapotea, mimi nilipotea, na bado kuna kazi zake siziwezi, lakini namheshimu kwa sababu alikuwa mkweli. Halafu Paris, tarehe 29 Mei 1913, Igor Stravinsky Mrusi anapigiwa baleti yake inayohusu kafara la binti wakati majira ya kuchipua yanaanza, watu ukumbini wakapiga kelele, wengine wakazomea, vurugu mpaka wachezaji wakawa hawasikii okestra. Okestra nzima ilipigwa kama ngoma! Na ile melodi ya mwanzo kabisa inayopigwa na basuni kwa sauti ya juu isiyo ya kawaida, ile kaitoa kwenye nyimbo za kienyeji za Lithuania. Shikeni hapo hapo, tutarudi. Baadaye vita, Messiaen Mfaransa akiwa mfungwa wa vita kule Görlitz anatunga kazi ya vyombo vinne na inapigwa palepale kambini Januari 1941 kwenye baridi kali. Kila mmoja wa hawa anataka siku yake peke yake.

Mimi nataka nikae Hungaria. Nataka niwaambie habari za Béla Bartók na rafiki yake Zoltán Kodály, kwa sababu walikuwa walimu kama sisi, walikuwa na kwaya, walikuwa na vijiji, na walifanya kitu ambacho kwetu kimefanywa na wachache na mimi kinaninyima usingizi.

Bartók alizaliwa 1881 kwenye mji mdogo ambao leo uko Romania, wakati ule ulikuwa Hungaria. Baba kafariki mtoto ana miaka saba, mama ni mwalimu wa shule, wanahamahama. Akakua mpiga piano hodari sana, akasoma Budapest, na muziki aliofundishwa pale ulikuwa wa Kijerumani, Brahms, Wagner, Strauss. Yaani Mhungaria akitaka kuwa mtunzi wa maana anatunga kama Mjerumani. Na ile iliyokuwa inaitwa "muziki wa Kihungaria", ambayo Liszt na Brahms waliisambaza dunia nzima, ilikuwa ni ile inayopigwa na bendi za Waroma (wale waliokuwa wanaitwa majipsi) mjini kwenye mikahawa, nyimbo za kupendeza kwa kweli na mafundi wake walikuwa mafundi haswa, lakini nyingi zilitungwa na watu wa mjini karne ya 19. Watu wa mjini walijua hiyo ndiyo asili yao. Hawakujua chini yake kuna kitu kingine.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1904, Bartók ana miaka 23, yuko sehemu ya mapumziko huko mashambani anafanya mazoezi ya piano. Chumba cha jirani kuna binti, mfanyakazi wa ndani, ametokea Transilvania, jina lake Lidi Dósa, anaimba huku anafanya kazi zake. Wimbo wa tofaa jekundu. Bartók akasimama. Hajawahi kusikia kitu kama hicho, haufanani na ule wa mikahawani hata kidogo, akamwomba amwimbie tena, akaandika nota. Mtu kasoma chuo kikubwa cha muziki, kapiga piano mbele ya mabwana wakubwa, na mlango unafunguliwa na dada wa kazi! Walimu, hiyo peke yake ingetosha mimi kukaa chini.

Mwaka uliofuata akakutana na Kodály ambaye alishaanza kutembea vijijini kukusanya nyimbo, na 1906 alimaliza tasnifu yake juu ya jinsi beti za nyimbo za kienyeji zilivyojengwa. Wakawa marafiki mpaka kifo. Desemba 1906 wakatoa kijitabu cha nyimbo 20, kumi za huyu kumi za yule, na sehemu ya piano ya kusindikiza, wakitegemea kila nyumba mjini itanunua. Kikadoda. Watu wa mjini hawakutaka nyimbo za wakulima. Na hawa jamaa hawakuacha.

Walibeba fonografu ya Edison. Hebu waza, hakuna simu, hakuna rekoda, una lile sanduku na pembe yake kubwa kama ua la boga, na silinda za nta, kila silinda inachukua dakika chache tu halafu imejaa, na kila ukiisikiliza inalika kidogo, kwahiyo ukiirudia sana unaifuta mwenyewe kwa masikio yako. Unazibeba kwenye mkokoteni wa farasi barabara ya vumbi, nta hiyo, zisiyeyuke, zisivunjike. Kijijini unamwambia bibi aimbe ndani ya pembe. Bibi anaogopa.

Kuna barua ya Bartók ya 1907 ambayo naipenda kuliko simfoni nyingi. Anamwandikia rafiki yake mpiga vayolini, anamwelezea kwa mtindo wa majibizano jinsi alivyohangaika na mama mmoja wa kijijini. Anamwomba wimbo wa zamani, wa zamani sana, ule aliofundishwa na bibi yake. Mama anasema sijui kitu. Anabembelezwa. Anaimba, kumbe ni wimbo wa juzi tu uliotoka mjini. Bartók anasema hapana mama, wa zamani. Mama anafikiri, anaanza… wimbo wa kanisani. Inaendelea hivyohivyo mpaka mwisho wa barua na hajapata kitu!

Nilicheka niliposoma halafu nikanyamaza, mana yalinikuta hayohayo. Mimi kwetu ni Iramba. Mwaka juzi nilikwenda kumsalimia mama, nikatoa simu nikamwambia mama naomba uniimbie zile mlizokuwa mnaimba mkisaga. Akajifunga khanga vizuri, akakaa wima, akaniimbia pambio. Nikasema mama sio hiyo, ile ya jiweni. Akaimba tenzi, beti zote nne. Akaniambia baba, zile si nyimbo, zile ni za kusagia tu. Siku tatu nilikaa pale sikupata kitu. Siku ya nne nimeshafunga begi, nasubiri pikipiki, mama kaenda nyuma ya nyumba anapepeta mtama anaongea na jirani yake, na akaanza mwenyewe bila kuombwa. Nilikimbia na simu mkononi. Nitarudi kwenye hilo.

Tuendelee. 1907 Bartók akapanda milima ya Transilvania kwa Waszekely, Wahungaria wa kule, na huko ndiko akakuta nyimbo nyingi za zamani zenye sauti tano tu. Nyie wa solfa, mnaosoma do re mi kwa herufi, mtanielewa upesi kuliko wanafunzi wa chuo: d r m s l. Fa hakuna, ti hakuna, au zinapita tu njiani kwa haraka. Nyumbani kwake ni la, sio do. Na nyimbo nyingi za mtindo ule wa kale zina mistari minne na zinashuka, zinaanzia juu zinamalizia chini, na mara nyingi ule mstari wa juu unarudiwa chini kwa umbali wa sauti tano. Imbeni na mimi: la, so, mi. Sasa shusheni: re, do, la ya chini. Tena. La so mi… re do la. Mnaona? Ni kitu kilekile kimeshuka ngazi, kama mtu na baba yake wanaitikiana.

Hakuna kodi ya tano, yaani so, ti na re zikilia pamoja, hakuna ile "ti kwenda do" tunayoisubiri kila mwisho wa wimbo wetu. Ndipo Bartók akaelewa kwamba akishatoka kwenye ule mfumo wa Kijerumani halazimiki kwenda kwa Schoenberg, kuna barabara nyingine kabisa, na barabara hiyo anayo yule bibi aliyeogopa pembe.

Na mdundo je? Bado kuna mdundo. Alipofika kwenye nyimbo za Wabulgaria akakuta wanahesabu kwa namna ambayo sisi kwenye semina tunaiita makosa. Pigeni makofi, taratibu kwanza: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Saba hizo. Msiongeze pigo la nane! Nawaona pale nyuma mnaongeza la nane, mikono yenu imezoea. Bartók alitunga vitabu sita vya mazoezi ya piano, vipande 153, kutoka mtoto anayeanza kabisa mpaka fundi, alivianza 1926 akamaliza 1939, na vipande sita vya mwisho vyote ni densi za mdundo wa namna hii, kuna ya 4 na 2 na 3, kuna ya 2 na 2 na 3 tuliyopiga sasa hivi, na kile cha 153 kinachofunga kazi yote ni 3 na 3 na 2. Sasa hii 3-3-2 mnaijua wote, ngoma zetu zimejaa hiyo, mtoto wa miaka mitano anaicheza kabla hajajua kuhesabu. Ila ukimletea kwenye karatasi mwalimu wa kwaya anasema ngumu.

Hawakuishia kwa Wahungaria. Na hapa ndipo mimi namvulia kofia Bartók. Alikwenda kwa Waslovakia, akakusanya maelfu. Akaenda kwa Waromania, maelfu tena. Juni 1913 akavuka bahari akaja bara letu, Algeria, mji wa Biskra pembeni ya jangwa, akarekodi Waarabu wa kule na ngoma zao na filimbi zao, joto likamshinda akaugua akarudi kabla ya siku zake, akapanga kurudi tena, vita ya kwanza ikaziba njia. Lakini ile Biskra haikumtoka. Kwateti yake ya pili ya nyuzi, yaani kazi ya vyombo vinne vya nyuzi, aliyoimaliza 1917, sehemu ya katikati ni Biskra tupu, ngoma ile ile inagonga chini haichoki. Ndugu zangu wa kaswida, mkiisikia mtasema huyu mtu alikaa kwenye dufu. Na 1936 akaenda Uturuki, upande wa Adana, akiongozana na mtunzi wa Kituruki Adnan Saygun, akarekodi wachungaji wa mifugo.

Baada ya ile vita, mkataba wa 1920 ukaikata Hungaria, ikabaki karibu theluthi moja. Vijiji alivyorekodi vikawa nchi za watu. Hata alikozaliwa kukawa ugenini. Uzalendo ukapanda kichwani, na Bartók anachapisha utafiti wa nyimbo za Waromania! Wahungaria wenzake wakamwona msaliti. Upande wa pili nao wakamtilia mashaka, wakamwona Mhungaria anayetaka kuwaibia. Akakaa katikati anapigwa huku na huku. Januari 1931 aliandika barua kwamba wazo linaloongoza kazi yake ni undugu wa mataifa, undugu pamoja na vita na ugomvi wote, na kwamba anajitahidi kulitumikia kwenye muziki wake, kwahiyo hakatai athari yoyote, iwe ya Kislovakia, Kiromania, Kiarabu au kokote, alimradi chemchemi yenyewe ni safi. Jamani, mwaka 1931! Miaka miwili kabla ya Hitler kushika Ujerumani.

Sasa swali ambalo walimu huwa mnaniuliza nje pale kwenye chai: ukishaukusanya wimbo unaufanya nini? Bartók mwenyewe alilijibu, akasema kuna njia tatu, na mimi naona ndiyo somo zuri kuliko yote aliyotuachia. Ya kwanza, unauchukua wimbo wenyewe kama ulivyo, hauubadilishi au unaugusa kidogo sana, halafu unautengenezea mazingira, usindikizaji, utangulizi. Ni kama kito na pete yake. Densi zake za Kiromania za 1915 ni za hivyo, fupi fupi, zote dakika chache, mkianza kumsikiliza anzeni na hizo. Ya pili, hauchukui wimbo wowote, unatunga wako lakini kwa mtindo ule, mtu wa kijijini akisikia aseme huu ni wa wapi mbona siujui. Ya tatu ndiyo ngumu. Hauchukui wimbo, hauigi mtindo, ila umekaa nao mpaka umekuwa lugha yako ya mama, chochote unachotunga kinatoka na harufu ile. Ile kazi yake ya 1936 ya nyuzi, ngoma na selesta (kinanda kidogo chenye sauti kama kengele), hauwezi kuonyesha kwa kidole wimbo wa kijiji uko wapi, lakini hakuna mtu ambaye hajakaa kijijini angeiandika.

Njia ya kwanza sisi tunayo mfano ambao kila mtu humu kaushika mkono kifuani, au angalau majirani zetu wa Kenya. Wimbo wa taifa wa Kenya, 1963. Ile kamati ya wanamuziki, akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi na wenzao, walikwenda kuchukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Tana. Wimbo wa kulaza mtoto! Ndio unapandisha bendera. Sikilizeni vizuri ile melodi, sikilizeni jinsi ilivyo na uzito bila kuwa na ule ushangwe wa tarumbeta za kizungu, ni kwa sababu mama mmoja wa Kipokomo hakuwa anapandisha bendera, alikuwa anamtuliza mtoto.

Na Uganda kulikuwa na Joseph Kyagambiddwa. Huyu alikaa na muziki wa Baganda, madinda (marimba zao za mbao) na ngoma, akaandika kitabu juu yake 1955, halafu akatunga oratorio, yaani hadithi ya dini inayoimbwa, ya Mashahidi wa Uganda, 1964, mwaka uleule mashahidi wale walipotangazwa watakatifu Roma. Oratorio, kama Handel, lakini inatoka kwenye madinda. Niwaulize, nani humu ameshawahi kuifundisha kwaya yake hata kipande? Mikono… haya. Mimi pia bado, na nimefundisha kwaya miaka 22.

Nimrudie Kodály, mana nisipomtaja vizuri nitakuwa nimewanyima cha kwenu. Huyu alikuwa mtu wa sauti za watu. Kwaya! 1923 serikali ya Budapest inasherehekea miaka 50 toka Buda na Pest ziunganishwe, wanamwagiza kazi, na yeye badala ya kuleta shangwe analeta zaburi ya 55, ile ya mtu aliyesalitiwa na rafiki yake, kwenye tafsiri ya zamani ya Kihungaria ya karne ya 16, nchi imetoka kukatwa vipande watu wana vidonda. Usiku huohuo ikapigwa na kazi ya Bartók yenye densi za mataifa mbalimbali zimefuatana. Hebu fikirieni sherehe ya namna hiyo.

Sasa mwishoni mwa miaka ya 1920 Kodály anafika Uingereza na anakuta kwaya za watu wa kawaida, watu ambao hawakusoma chuo, wanasoma nota kwa d r m. Solfa. Ile ile! Solfa aliianzisha mama mmoja wa Norwich, Sarah Glover, mchungaji John Curwen akaiendeleza karne ya 19 na ishara zake za mikono, wamisionari wakaileta Afrika, ikafika mpaka kwa babu zetu. Kodály akaichukua, yeye na wanafunzi wake, akaifanya msingi wa kufundisha watoto wa Hungaria nzima, na 1950 ikafunguliwa shule ya msingi ya kuimba huko Kecskemét alikozaliwa, watoto wanaimba kila siku. Leo dunia nzima wanaiita njia ya Kodály, watu wanalipa pesa kuisomea vyuo vikuu. Na sisi tunayo mfukoni toka utotoni, na vijana wetu wanaionea aibu, wanasema ni ya kizamani, nota za kweli ni zile za mistari mitano. Inaniuma sana hii. Tofauti yetu na Kodály ni moja: yeye ndani ya ile d r m akaweka nyimbo za bibi yake kwanza, mtoto anaanza na so-mi, so-mi ya michezo ya watoto, halafu la, halafu ile sauti tano, anakuwa na lugha ya kwao kabla hajapewa Handel. Sisi tuliipokea na Handel ndani na hatukuwahi kumwaga kikombe tukajaza chetu.

Na mkazo wa maneno! Nisisahau. Kihungaria mkazo unaangukia silabi ya kwanza ya neno, siku zote. Sasa opera nyingi pale Budapest zilikuwa za kutafsiriwa kutoka Kijerumani, mkazo unaanguka ovyo, watu wanaimba lugha yao kama wageni. Bartók 1911 akatunga opera yake, ile ya ngome ya Bluebeard yenye milango saba, watu wawili tu wanaimba, na akaifanya ifuate namna Mhungaria anavyoongea hasa. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. MUngu. BwAna. UpENdo. Halafu fungua vitabu vyetu, tenzi za kutafsiriwa, hesabu mara ngapi pigo zito linaangukia "ngu". Mu-NGU. Hata nyimbo tunazotunga wenyewe sasa hivi, hakuna aliyetulazimisha, tunafanya hivyohivyo kwa sababu sikio lilishazoea. Kabla hujatunga, lisome shairi kwa sauti kama unaongea na mtu sokoni, piga makofi pale sauti inapopanda, halafu ndio utafute melodi.

Mwisho wake Bartók. Hakuwapenda kabisa Wanazi. Mama yake akafariki Desemba 1939, na huyo mama ndiye aliyekuwa amemshikilia nyumbani, basi Oktoba 1940 akaondoka na mkewe Ditta kwenda Marekani. Kabla hajaondoka aliandika wosia: maadamu Budapest kuna sehemu zinaitwa kwa majina ya Hitler na Mussolini, asipewe mtaa wowote kwa jina lake. New York hakumjua sana mtu. Chuo Kikuu cha Columbia kikampa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuandika nota za nyimbo za Waserbia na Wakroati zilizorekodiwa na wengine. Mtunzi mkubwa anakaa na headfoni anaandika nyimbo za wakulima wa watu, na alifurahi! Akaugua, saratani ya damu, akakonda vibaya. 1943 yuko hospitali anakuja Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, na agizo la kazi la dola 1,000. Bartók hakujua kwamba rafiki zake wawili, Szigeti na Reiner, ndio waliolipanga kimyakimya, kwa sababu walijua akiletewa sadaka ataikataa. Akainuka kitandani, akaandika ile konchato (concerto) ya okestra kwa wiki chache, ikapigwa Boston Desemba 1944, na mpaka leo ndiyo inapigwa kuliko kazi zake zote za okestra. Akafa Septemba 26, 1945. Konchato ya tatu ya piano aliyokuwa anamwandikia Ditta ilibaki na baa 17 za nota, yaani vipimo 17, hazijamaliziwa, rafiki yake akazimalizia. Na ndani ya hiyo, sehemu ya katikati, kuna ndege wanalia, ndege aliowasikia North Carolina akiwa mgonjwa. Hata ndege aliwaandika nota.

Kijiti kilishikwa na kijana mwingine wa Transilvania, György Ligeti, kazaliwa 1923, akakulia kwenye muziki wa Bartók, na huyu miaka ya 1980 akapata rekodi za Afrika ya Kati alizokusanya Simha Arom, pembe za Wabanda, kila mtu ana pembe yenye sauti moja tu na anaipuliza kwenye zamu yake, na melodi inazaliwa katikati yao. Ligeti akatunga mazoezi ya piano kutokana na hilo, na leo wapiga piano wa dunia nzima wanavunja vidole kuyajua. Yaani njia iliyoanzia kwa dada wa kazi 1904 imefika mpaka kwetu, imetuchukua, imerudi Ulaya, na sisi bado tunabonyeza kitufe cha mdundo kwenye kinanda kilichotengenezwa na mtu ambaye hajawahi kutuona.

Niliahidi kurudi kwa mama. Rekodi ni ya dakika 1 na sekunde 40, kuna kuku ndani, kuna jirani anacheka, na mwishoni pikipiki inafika inaniita. Nilipokaa kuiandika nota ilinichukua wiki mbili, kwa sababu mstari wa tatu nilikuwa nausahihisha, nauweka fa ambayo mama hakuiimba. Nimeandika mara saba. Karatasi mnazo mkononi, solfa, ukurasa wa pili, msizitazame kwanza. Zimeni simu, nyie wa mlangoni funga hapo. Mtaisikia mara tatu. Mara ya kwanza mkae tu. Mara ya pili mtafute do iko wapi, na mkiikosa msiogope, inawezekana haipo. Mara ya tatu sauti ya kwanza mfuate chini kwa kimya, mdomo umefungwa. Haya kijana, washa spika.